Kifundo cha Mwisho cha Feruzi

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ya kale, kabla mimi sijaota meno, na leo mnaniona nimeyamaliza, palikuwa na mji uitwao Mikoroshoni. Watu wake walipenda ngumi kuliko nyama. Nimetembea miji mingi, nikafukuzwa na mbwa wa kila kabila, sijaona wapendao ngumi namna ile. Msiniulize kama nami nilipigana. Ngumi yangu ya mwisho nilimrushia mbu, na mbu akashinda.

Basi huko aliishi Feruzi. Alipiga wa bara, akapiga wa pwani, alipiga warefu, akapiga wanene, mpaka kichwa kikaota mvi na magoti yakaanza kulia kama mlango mkuukuu. Akasema imetosha.

Sasa sikilizeni mila yao. Bingwa akistaafu, mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa kirefu, mzunguko juu ya mzunguko. Mashabiki hawakuulizwa neno. Walioitwa ni wale aliowapiga, na kila aliyemwona mkubwa alifungua mzunguko mmoja. Kifundo cha mwisho, kile cha ndani, kilifunguliwa na aliyewahi kumshinda. Kitambaa kikitoka chote, jina la bingwa hutiwa kwenye ngoma, lipigwe kabla ya kila pambano, hata yeye akiwa udongo. Kikibaki, anakwenda kukifungua mwenyewe nyumbani, na ngoma haimjui.

Feruzi hakujaliwa mtoto. Kama si ngoma ile, nani angemwita?

Wakaja waliopigwa. Mmoja akasema Feruzi alimpinda pua, na tangu hapo mkewe humwambia amependeza, akafungua. Mwingine akalalama kwamba Feruzi alibahatika kupigana zama za wanaume laini. Wenzake wakamwuliza, laini kama nani? Akajitazama, akacheka, akafungua. Kitambaa kikashuka, kikashuka, kikashuka, kikabaki kifundo.

Akaitwa Ngwali, mchoma mkaa wa ng'ambo ya mto, mtu pekee aliyewahi kumlaza Feruzi chini. Akakitazama kifundo, akaweka mikono nyuma.

"Mimi sina haki," akasema. "Miaka yote ninyi wenyewe mnasema sikumshinda."

Na ni kweli, wajukuu zangu, walisema. Mara Feruzi alikuwa na homa, mara alirogwa, mara jua lilimpiga machoni, na siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Ngwali akawa anazomewa sokoni, hata mkaa wake ukaitwa wa mwizi. Na Feruzi? Feruzi alisikia, akanyamaza. Uongo ule ulikuwa mtamu, naye hakuutema.

Bi Mwanakheri, mlinzi wa ngoma, akamgeukia. "Feruzi mwanangu, kama hukushindwa, hakuna wa kukufungua. Sema."

Mashabiki wakamtikisia vichwa. Mmoja akamnong'oneza akiache hicho kifundo, wao watamwimba kuwa hajapata kushindwa. Feruzi akautazama mkono wake. Nyimbo za mashabiki alizijua: hudumu kadiri koo zinavyodumu.

"Sikuwa na homa," akasema. "Nilikuwa mzima, nimekula, nimelala. Nilimrushia ngumi nzuri kuliko zote nilizowahi kurusha. Akaipokea, akanipa yake. Ngwali, ulinipiga. Nilipaswa kuyasema haya sokoni."

"Ulipaswa," Ngwali akajibu. Kisha akapiga goti. "Hiyo ngumi yako nzuri, ndugu yangu, sikio hili halisikii sawasawa mpaka leo." Akakifungua kifundo kwa meno, maana kilikuwa kimekaza.

Bi Mwanakheri akauliza jina lipigweje. Feruzi akaomba lipigwe pamoja na anguko lake.

Na mpaka leo, wasemavyo, ngoma ya Mikoroshoni huita Feruzi, Feruzi, kisha mkono wa mpigaji husimama hewani, kimya, na uwanja mzima unajua kwamba hapo ametajwa Ngwali.

Basi shikeni hili: ukubwa wa bingwa usiwaulize wanaomshangilia. Mwulize yeye ni nani aliyemwangusha, usikilize kama atalitaja jina.

Kisa kimefika, kimevua viatu, kimekaa kitako. Kizuri chake chukueni. Kibaya niachieni mimi, nimeshazoea kulala nacho.