Kikuba Katikati ya Ubeti

Msimu wa karafuu wa mwaka ule ulikuwa umekwisha, na mji wa Chake Chake ulikuwa hoi. Majamvi ya kuanikia yalikuwa yamekunjwa, na vidole vya wanawake wa mtaa wa Tibirinzi vilikuwa vingali vyeusi kwa kuchambua karafuu kwenye makonyo yake. Huo ndio wakati ambao watu wa kisiwani, baada ya kazi ya kuvunja mgongo, hualika wapigaji, hubeba masufuria na kwenda mandari: kula na kusikiliza muziki mahali penye kivuli na upepo, mbali na majumba. Lakini mwaka ule hata furaha ilikuwa nzito kuibeba. Siasa ilikuwa imeingia, na watu walikuwa wameanza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali.

Wanawake wa mtaa walimtaka Mwatum binti Silima asimamie mandari hiyo. Mwatum alikuwa mjane wa makamo, mtu wa sala tano na uradi, mwenye macho mengi na maneno machache. Pilau yake ilikuwa na sifa hadi Wete. Moyoni hakuwa na hamu. Alikuwa amechoka na msimu, na tangu mumewe afariki alikuwa akizisikia ngoma kama mtu asikiavyo mvua ya kijiji cha pili. Alikubali kwa ajili ya mtu mmoja tu, naye ni jirani yake Mwanapili.

Mwatum na Mwanapili walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakaolewa mtaa mmoja, na nyua zao ziligawanywa na ukuta wa makuti ambao kuku wao hawakuutambua. Mwatum alipokaa eda, Mwanapili ndiye aliyemtekea maji, akampikia, na usiku akalala naye chumba kimoja ili asiwe peke yake na kiza. Mtu wa namna hiyo hapatikani mara mbili katika umri mmoja. Sasa taabu ilikuwa imehamia upande wa pili wa ukuta. Nyange, mume wa Mwanapili, alikuwa ameoa mke wa pili huko Mkoani, binti mdogo, na zamu zake za kulala Tibirinzi zilikuwa zimepungua kama mafuta ya kibatari.

"Twende Gombani siku ya mandari," Mwatum alimwambia.

"Nende nikafanye nini?"

"Ukale."

"Kula hata hapa nakula."

"Hapa unakula umesimama, nakuona. Twende ukale umekaa, na watu."

Mwanapili alicheka. Kwa kweli alikuwa mwepesi wa kucheka siku zile, pengine mwepesi kupita kiasi. "Haya bibie, ntakwenda. Lakini usiniweke karibu na moto wako, unipake masizi bure."

Siku ya mandari walikwenda Gombani asubuhi, wakatandika mikeka chini ya mikarafuu ya shamba moja lenye kisima. Wapigaji wa kidumbak walikuwa wamefika: Mabruki na fidla yake, wapiga vigoma viwili, mwenye kayamba, na mwenye sanduku la chai lililofungwa mti na kamba, linalonguruma kama tumbo la mwenye njaa. Mwimbaji wao alikuwa Mwanawema, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyopasua majani. Mwatum aliwataka wapigaji wakae mkeka wao peke yao, nao wakatii. Kisha akaenda kwenye meko ya mafiga nyuma ya mikeka, akainama juu ya moshi, na huko ndiko alikokaa.

Wanawake walistarehe. Bi Mwanamize, ambaye ulimi wake haukuwa na pazia, alimwita Mwanapili kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Shoga, leo zamu ya nani?"

"Ya mwenzangu," alijibu Mwanapili. "Mie nimepewa likizo, na mshahara juu."

"Na huyo mwenzio anajua kupika?"

"Anajua kuchemsha maji. Lakini huyachemsha vizuri, yakhe, tusimdhulumu mtoto wa watu."

Kicheko kikazunguka mikeka yote. Mtu mmoja akamwuliza kama haumwi, naye akajibu, "Anayeumwa ni mwenye jino. Mie langu nshaling'oa."

Mwatum, kutoka motoni, alimwona akisema hayo huku mkono wake ukikunja ncha ya leso, ukiikunjua, ukiikunja tena. Aliliona jambo hilo, lakini sufuria la tatu lilikuwa linataka kukaukiwa maji, na yeye alikuwa ameamka kabla ya alfajiri. Akajisemea kuwa mwenye maumivu halisi hawezi kutia chumvi maneno namna ile. Mwenzangu amepoa, alhamdulillahi. Akageukia makaa.

Hapa inafaa msomaji aelewe ada ya watu wa huku. Mwimbaji akiimba, mwenye kuguswa huinuka, akaenda taratibu kwa mwendo wa ngoma, mkono juu, na kumtunza kwa sarafu au ua. Akiinuka wakati wapigaji wanapiga peke yao bila sauti ya mtu, hiyo ni shukrani tu. Lakini akiinuka katikati ya ubeti, ubeti huo umekuwa wake. Ni kama kautamka kwa kinywa chake mwenyewe, na watu hufuata macho yake kujua anamtupia nani. Nyumba zimewahi kugombana miaka kwa sababu ya hatua chache kama hizo. Ni ada pia kwamba msimamizi wa chakula humtunza mwimbaji mara moja tu, kwa kikuba, kishada cha asmini na mrehani, na hiyo ndiyo ishara kwamba muziki upumzike na watu wale.

Jua lilipofika utosini, Mwatum alikuwa ameshapalia makaa juu ya vifuniko vyote. Mchele ulikuwa umeiva. Ukikaa zaidi utageuka ukoko, na adhuhuri ilikuwa inakaribia, na alitaka watu wale mapema wapate nafasi ya kutawadha bila kusukumana kisimani. Kidumbak haikuonyesha dalili ya kuchoka. Mwanawema alikuwa ameshika moto, akimaliza wimbo mmoja anaunganisha na mwingine. Mwatum akanawa mikono, akachukua kikuba, akangoja.

Hatimaye sauti ya Mwanawema ilinyamaza, fidla ikabaki peke yake. Mwatum akainuka. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi, na mikeka ilikuwa imejaa miguu ya watu, kwa hiyo alikwenda polepole, kikuba mkononi, akili yake yote ikiwa kwenye sufuria. Hakutambua kwamba Mwanawema alikuwa amevuta pumzi na kuanza tena:

*Jogoo nilimlea, na banda nikaliweka;*
*Kwa jirani kahamia, na huko ndiko awika.*

Kama kuna mtu mmoja shambani siku ile ambaye hakuyasikia maneno hayo, alikuwa Mwatum. Aliinua mkono, akamvika Mwanawema kikuba katikati kabisa ya mshororo wa pili. Kisha akageuka, akamtafuta Mwanapili kwa macho, akampungia mkono ule ule aliotunzia, maana yake: njoo unisaidie kupakua.

Vigelegele vilipaa, vikakatika ghafla. Vichwa vyote viligeuka. Mabruki akateleza kwenye uzi. Mwanawema, aliyezoea kuona kila kitu, akaumaliza ubeti kwa sauti ya chini kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mwanapili aliinuka. Alijifunga leso vizuri, akaja kwenye mafiga kama alivyoitwa. Alifunua sufuria, akapakua, akapanga nyama juu ya kila sinia. Watu walipokwisha kukaa kwenye masinia yao, Mwatum alimwita aje wale pamoja.

"Kuleni. Mie nimeshiba harufu."

"Mwanapili, tangu asubuhi hujatia kitu."

"Nimeshiba, Mwatum," alisema, kwa upole uleule ambao mtu humjibia mgeni.

Ni baada ya sala, wakiosha masinia kisimani, ndipo Bi Mwanamize alipomsogelea Mwatum. "Leo umemkata mwenzio. Sikujua kama na wewe unayo hayo."

"Nimemkata nani?"

"Usinifanye mtoto. Umemtunza Mwanawema kwenye ubeti gani?"

"Alikuwa kanyamaza."

"Kanyamaza?" Bi Mwanamize alimtazama usoni, akaona kuwa haelewi, akamwimbia ubeti ule kwa sauti ya puani. Sinia lilimponyoka Mwatum, likagonga mawe ya kisima.

Jioni ile alikwenda upande wa pili wa ukuta. Mwanapili alimkaribisha, akamletea maji, akamwuliza habari za mgongo wake. Mwatum alipoapa kuwa hakusikia, alijibiwa, "Yamekwisha, Bi Mwatum." Katika urafiki wao wote hakuwahi kuitwa Bi na Mwanapili. Alirudi kwake akaketi juu ya mswala, asijue aombe nini kwanza.

Haukupita muda, Mwanapili alimuaga Nyange kwamba anakwenda Wingwi kumtazama kaka yake Ngwali. Hakurudi. Nyange alituma wazee, wakarudi na salamu tu. Upande wa pili wa ukuta kulibaki kimya. Mwatum alikuwa akiamka kwa sala ya alfajiri na kusikiliza, kwa mazoea, kikohozi cha jirani aliyeamka pia, na kukisikia kimya kile kulimchosha kuliko msimu mzima wa karafuu.

Mvua za vuli zilipoanza, alipanda gari kwenda kaskazini. Njia ya Wingwi ilikuwa tope na mashimo, na mwisho gari lilikataa, abiria wakashuka wakaenda kwa miguu. Alimkuta Mwanapili kwenye kikonde cha muhogo nyuma ya nyumba ya Ngwali, mbuzi wawili wamefungwa pembeni, akipalilia.

"Umekuja na njia hii?" Mwanapili aliuliza.

"Hakuna nyingine."

Mwatum hakungoja kukaribishwa. Aliokota jembe dogo lililokuwa chini, akashika tuta la pili, wakapalilia sambamba kwa kitambo.

"Wallahi sikuusikia ubeti ule," alisema mwisho.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ileile, kabla sijafunua sufuria la kwanza. Mie nakujua tangu hatujaota meno ya pili. Wewe ukitaka kunikata hunikati kwa nyimbo. Utanijia uwani, unambie usoni."

Jembe la Mwatum lilisimama. "Basi mbona ulihama? Mbona uliniita Bi?"

Mwanapili alikung'uta udongo kwenye mizizi ya magugu, akayatupa. "Ulipoinua mkono ule, Mwatum, hakuna aliyeuliza unamtupia nani. Hakuna hata mmoja aliyegeuka huku na huku kutafuta. Wote walinitazama mimi, mpaka yule wa sanduku, ambaye hata jina langu halijui. Tangu Nyange aoe nawachekesha watu, nikidhani nimewaziba macho. Kumbe wanacheka ili nisione aibu." Akaendelea kupalilia. "Kile kicheko ndicho kilichokuwa kikinipumzisha. Sasa sina tena pa kupumzikia kule."

"Mimi nilidhani umepoa."

"Nilikwambia nimepoa."

"Uliniambia."

"Na ukaniamini. Ulikuwa umechoka, na mtu akichoka huamini." Hakulisema kwa hasira. "Sikulaumu. Hata mie nilikuwa nakaribia kuamini."

Walimaliza matuta yale. Mke wa Ngwali aliwaletea muhogo wa kuchemsha na nazi, wakala sahani moja, wakasali laasiri uani. Mwatum hakumwomba arudi. Aliona kuwa ombi hilo lingekuwa mzigo mwingine, na mwenzake hakuwa na bega la kuubebea. Walipoagana walishikana mikono kwa muda mrefu. Mwanapili akamwita Mwatum, bila Bi, akamwambia ajihadhari na utelezi.

Alipofika Tibirinzi, wanawake walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Mwanamize, wakipanga mandari nyingine na kubishana kama wamwite Mabruki au wengine.

"Umemwona mwenzetu?" Bi Mwanamize aliuliza. "Atakuja safari hii? Mambo yenyewe yameshakuwa ya zamani sasa. Wingwi kuna upepo mzuri, bila shaka ameshapoa."

Wengine walimtazama Mwatum, wakingojea jibu jepesi ili warudi kwenye mazungumzo yao. Tope lilikuwa limemfika magotini. Aliketi kwenye ukingo wa baraza, akavua viatu kimoja kimoja.

"Mwenye kovu, Bi Mwanamize," alisema, "usidhani kapoa."