Mstari Mtupu Chini ya Jedwali

Kikombe cha bati kilianguka sakafuni, usiku, katika wodi ya wanawake. Kililia mara moja, kikanyamaza.

Muuguzi wa zamu, Sista Restituta, aliinua kichwa. Alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Akasikiliza, hakusikia kingine. "Paka hawa!" akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Lakini mkasa huu haukuanzia wodini. Ulianzia ofisini kwa Lukindo.

Lukindo aliongoza kundi la watengeneza programu katika mji mmoja wenye baridi. Walikuwa na maktaba yao ya programu: vitufe, madirisha, menyu, vitu ambavyo mtengenezaji mwingine huvichukua vikiwa tayari, akaunda navyo programu yake, ikafanya kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote. Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa jedwali. Maduka yalilitumia, shule zililitumia, na hospitali ya mji ilipangia wagonjwa wake humo.

Jedwali hilo lilitengenezwa na mwanamke mmoja wa kundi lile, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Kwenye kona yake alirundika kompyuta chakavu zilizotupwa na ofisi mbalimbali. Wenzake waliiita kona ile "wodi". Kila alichokibadilisha, alikijaribu kwanza kwa wagonjwa wake wale.

Na chini kabisa ya jedwali aliacha mstari mmoja mtupu.

Lukindo aliuchukia mstari ule. "Dada, hili ni pengo la jino," alimwambia mbele ya wote. "Jedwali zuri hivi, halafu kibogoyo!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Kaka Lukindo, kwenye mashine nyingine ule upau wa chini wa kusogezea jedwali hukaa juu ya mstari wa mwisho, ukaufunika. Bora ufunike mtupu kuliko ufunike mtu."

"Mashine zipi? Hayo makopo yako?"

"Hayo hayo. Yana watu mbele yake."

Lukindo aliona amedharauliwa. Walibishana, wakabishana tena, mwisho akamfukuza. Pale palipotajwa waliolitengeneza jedwali, jina lake akalifuta kwa mkono wake. Yale makopo yakapelekwa hospitalini kama msaada, picha zikapigwa. Tangu hapo ikawa sheria isiyosemwa: jina lile halitajwi. Aliyebanwa sana alisema, "yule wa kona".

Kisha Lukindo akaanza kuliboresha jedwali. Tusimnyime haki yake, kazi ilikuwa nzuri. Zamani jedwali lilichora mistari yote kwa pamoja, likalemewa. Sasa likachora ile inayoonekana tu, likawa jepesi. Mwishoni kabisa akaweka kishale cha kipanya juu ya mstari mtupu.

Nakijwa, mwenzake wa meza ya pili, akasita. "Bosi, tusijaribu kwanza kwenye mashine za zamani?"

"Zimo humu ndani?"

"Hazimo. Tulizigawa."

"Basi. Kwangu linafanya kazi."

Akaufuta. Nakijwa alikumbuka vizuri mstari ule uliwekwa kwa nini. Lakini kusema zaidi kungemlazimu kumtaja yule wa kona. Akageukia kompyuta yake.

Toleo jipya likasifiwa. Hospitali nayo ikaliweka.

Haukupita muda, simu ikapigwa asubuhi. Mgonjwa amefariki. Aliandikiwa sindano ya usiku, hakuchomwa. Mganga mkuu alitaka wenye jedwali waje wenyewe.

Lukindo na Nakijwa walimkuta Sista Restituta ana macho mekundu. "Niliwaita wote waliokuwamo kwenye jedwali, nikawachoma," akasema. "Nilisoma mpaka chini. Mpaka chini, jamani!"

Nakijwa aliitambua kompyuta ile. Ubavuni ilikuwa bado na kipande cha plasta nyekundu, kilichobandikwa zamani kule konani. Akashika kipanya, akavuta dirisha likarefuka. Kutoka chini ya upau ukachomoza mstari mmoja zaidi: mgonjwa wa mwisho kupokelewa jioni ile.

Nakijwa akalisoma jina, akaziba mdomo. Lukindo akalisoma, akashika ukingo wa meza. Lilikuwa jina lile alilolifuta kwa mkono wake. Alikuwa yule wa kona.

"Aliangusha kikombe," Sista akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe. "Alikuwa anaita. Nikadhani paka."

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja, amekumbatia blanketi, mkononi kikombe cha bati. Usiku ule alilala barazani, maana ndugu hawaruhusiwi kulala wodini.

"Wanangu," akasema, "nilikuwa hapo nje dirishani. Nilisikia majina yakiitwa, moja moja. Nikangoja la mwanangu. Halikuja. Nikasema, hawa ni wataalamu, wanajua wanachofanya." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa nini yeye hakuitwa?"

Nakijwa alimgeukia Lukindo, akamngoja.

Lukindo akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya yule mama. Na kwa mara ya kwanza tangu alipomfukuza, akaliita jina lake:

"Tumpe."

Funzo: Kabla hujafuta kitu alichokiweka mwenzako, msikilize aliyekiweka, hata kama mmegombana. Ukimfuta mtu kwa sababu alikupinga, unafuta na kile alichokuwa akikiona mbele, na siku utakapokuwa tayari kumwita, huenda asiwepo wa kuitika.