Wasukumaji wa Bwana Ngereza

Siku ile gereji walikuwepo fundi Siwema, Bwana Ngereza mwenye pikapu kuukuu ya dizeli, Mwanahawa aliyempakata mwanawe mwenye homa kali, na kaka zake wawili, Hoza na Singano.

"Baba, si unapita hospitali? Tubebe," Mwanahawa aliomba.

"Pikapu yangu si machela!"

Siwema alitoka chini ya gari, akajifuta grisi, akamgusa mtoto paji la uso.

"Stata mpya nimeshaifunga, bwana mkubwa. Lakini gari likikuzimikia njiani, nani atakusukuma?"

Ngereza alikumbuka mwezi mzima wa kusukumwa ili gari liwake, kwa stata ile mbovu. "Nyie vijana, pandeni!"

"Dada akibaki, nasi tunabaki," akasema Hoza.

"Haya, naye apande! Akae mbele na mtoto!"

Baada ya saa moja simu ya Siwema ililia.

"We fundi! Nimefika hospitali, nimezima na kuwasha mara kumi. Linawaka papo hapo! Hawa wasukumaji wa nini?"

"Kwani nilisema halitawaka, bwana mkubwa? Mimi niliuliza tu. Mtoto ameshaonwa na daktari?"

"Ameshaonwa."

Siku ya tatu mtoto alirudi nyumbani, mgongoni kwa mama yake.