Pangaboi la Mshonaji

Koleo likimvunjikia mhunzi mkononi, moto haumsubiri apanguse machozi: ama alifue upya, ama aiache karakana irithiwe na majivu. Wahenga waliliona hilo wakatuachia methali, na ukweli wake ulidhihirika katika nyumba moja juu ya kilima, ambako upepo huanua nguo kabla ya wenyewe.

Humo waliishi fundi bomba mstaafu na mkewe mshonaji. Chumba cha cherehani kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazama ukuta wa jirani, hivyo hata adhuhuri mama yule alishona kwa mwanga wa kibatari. Macho yake yakaanza kumsaliti.

"Mume wangu," alisema siku moja, akifyonza kidole kilichochomwa, "sindano sasa inanishona mimi. Jumamosi anakuja mtu kuinunua cherehani." Alisema hayo huku akiipapasa kama anayemuaga mwana.

Fundi akaenda kupekua vyombo vyake vya zamani. Alikuwa na mota kuukuu, betri ya gari, taa ndogo na mabaki ya bomba la plastiki. Upepo ungezungusha mapanga, mapanga yakazungusha mota, mota ikajaza betri, na betri ikawasha taa penye cherehani. Alilipasua bomba kwa urefu, akachonga mapanga matatu kwa kukadiria tu, maana alijiamini kama jogoo jaani pake. Pangaboi likapandishwa juu ya paa. Upepo ulipovuma, lilizunguka kwa kishindo, kisha mapanga yakavunjikia shinani, na kipande kimoja kikaangukia mlangoni pa kinyozi.

"Fundi!" kinyozi akapaza sauti. "Ndege yako imetua salama, ila abiria siwaoni!"

Fundi akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Mkewe alikiokota kile kipande, akapitisha kidole penye ufa.

"Hapa umekata kona kali. Hata kitambaa huanza kuchanika penye kona. Halafu kila panga lina kimo chake, mzee wangu. Haya ni mapanga pacha au watoto wa kambo?"

"Basi kata wewe," akanuna.

"Nitakata. Lete bomba."

Alichora kiolezo kwenye karatasi kama achoravyo mkono wa shati: kipana shinani, chembamba nchani, kona zote za mviringo. Akakizungushia bombani, akapiga chaki. Mumewe akakata kwa msumeno na kulainisha kingo kwa msasa. Walifanya kazi bega kwa bega, wakitaniana kama wachumba, hata wakasahau kwamba kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Mapanga mapya yakapanda. Upepo ukavuma. Pangaboi likatikisika, likasita, likagoma kama punda.

Fundi aliyashusha, akayalaza sakafuni, akayakodolea macho. Ghafla akacheka hadi akashika mbavu. "Mama, hili moja umelipindua! Wenzake wanakwenda, lenyewe linarudi!"

Mkewe akajiziba kinywa. Alikuwa amekigeuza kiolezo, kama alivyozoea kila akimaliza mkono wa kulia na kuanza wa kushoto.

"Toba! Pangaboi nimelikatia shati!"

"Tena la mikono mitatu."

"Bomba limebaki?"

"Kipande kimoja. Tukikosea tena, basi."

Mama alikaza kiolezo, safari hii bila kukigeuza, na fundi akakata akiwa amezuia pumzi.

Asubuhi mnunuzi alipobisha hodi, pangaboi lilikuwa likivuma juu ya paa kama mzinga wa nyuki, na chini yake mama alikuwa ameinamia cherehani, taa ikimulika ncha ya sindano.

"Mama, nimefuata mzigo wangu."

"Utanisamehe, mwanangu, hautoki tena. Lakini hiyo suruali yako imekubana. Hebu simama nikupime."

Fundi akampokeza mkewe futi ya kupimia, uso umemchanua. Mnunuzi aliondoka bila cherehani, amekwisha kupimwa kiuno na mguu, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.