Kanzu Iliyoliwa na Mashamba

Shamba la mlimani hupimwa kwa kichaka cha mlimani. Mmeisikia methali hiyo leo, wajukuu zangu, na mnacheka, mnauliza kichaka kinapimaje shamba. Tulieni basi. Chanzo chake ni mzee mmoja mbishi na kanzu yake.

Mzee Senkondo alilima bondeni, kando ya mto. Alijua udongo kuliko watu wote, na shahidi wa jambo hilo alikuwa yeye mwenyewe. Kwao posa haikukubaliwa kabla ya kupima shamba la muoaji. Kitambaa cha pamba kilifukiwa mwanzo wa masika, kikafukuliwa mvua zikiisha. Udongo wenye afya hula pamba; udongo mgonjwa huiacha.

Basi Mrutu, kijana wa mlimani, alipomposa binti yake Namkunda, mzee alipasua kaptura yake kuukuu. Mguu mmoja akaufukia kwake bondeni, wa pili shambani kwa Mrutu. Mvua zilipoisha, ule wa bondeni ulikuwa matambara. Wa mlimani ungeupiga pasi ukauvaa.

"Udongo huu umekufa!" mzee alisema, akiupunga mguu wa kaptura mbele ya wazee wa Mrutu. "Mwanangu akale mawe?"

Mrutu aliinamisha kichwa. Lakini Namkunda alimpenda kijana yule kwa moyo wote, na hakuwa mtu wa kulia ilhali ana la kusema.

"Baba, mlimani ni baridi na pakavu. Hata kichakani huko kitu hakiozi upesi. Fukia kitambaa kwa Mrutu, na kingine kwenye kichaka cha jirani ambacho jembe halijakigusa. Hapo tutajua tatizo ni mlima au ni mkulima."

"Na huku kwetu bondeni vilevile," mama yake akadakia. "Au unaogopa, mume wangu?"

Neno hilo lilimchoma. Pamba pekee iliyobaki nyumbani ilikuwa kanzu yake ya sherehe. Aliipasua vipande vinne palepale, huku akijisifu, na wachumba wakangoja masika mengine.

Walipofukua, vipande viwili vya mlimani vilifanana kama mapacha, vyote vimetobolewa na wadudu. Mrutu aliulisha udongo wake samadi kila mwaka, nao haukupungukiwa na kitu. Bondeni, kichaka kilikuwa kimemeza kila kitu isipokuwa kifungo. Shamba la Senkondo, ambalo alichoma mabua yake kila kiangazi badala ya kuulisha udongo, lilikuwa limebakiza nusu nzima ya kitambaa, pamoja na tarizi zake.

Mzee aliona aibu kubwa. Alikigeuza kipande kile huku na huku.

"Chukua mkeo," hatimaye akamwambia Mrutu. "Na ukija, niletee samadi."

Siku ya arusi Senkondo alitokea amejifunga kitenge cha mkewe, chenye maua mekundu. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, wakimlinganisha na baba wa bwana arusi aliyevaa suti.

"Tafuteni kwanza mzee mwingine ambaye kanzu yake imeliwa na mashamba," aliwajibu, "ndipo mnilinganishe naye. Shamba la mlimani hupimwa kwa kichaka cha mlimani."