Boksi la Katikati

Sogeeni karibu, nyie mliooa na nyie mlioolewa. Wewe wa redio, izime kidogo. Nyamazeni, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kukamulia miwa. Upande mmoja ilikaa injini, yenye pupa, inazunguka mpaka macho yanachoka kuitazama. Upande wa pili kilikaa kinu, kizito, cha kwenda polepole. Katikati palikuwa na boksi la gia. Kazi yake ni kupokea mbio za injini na kuzigeuza nguvu za kinu. Ukilitazama huoni likifanya lolote. Lakini bila hilo, injini ingepiga kelele bure na muwa usingetoa hata tone.

Yule mtu alipofariki aliacha wana wawili wanaopendana, na kwa kupendana huko wakaogopa kuja kugombana. Wakagawana mapema. Mndolwa, mkubwa, akachukua injini. Abeid, mdogo wake, akachukua kinu. Boksi hawakulitaja. Kila mmoja aliona haya kulitaka.

Mndolwa akaiinua injini yake juu ya mbao mpya, akaweka pima maji, ikakaa sawa. Abeid akamwaga zege jipya chini ya kinu chake, akaweka pima maji, kikakaa sawa. Wakawasha. Boksi likaanza kunguruma.

Sasa sikilizeni mapenzi yanavyoweza kuumiza. Mndolwa alisema moyoni, mdogo wangu asihangaike, akaliongezea boksi oili. Abeid naye akasema, kaka amechoka, akaliongezea oili. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Boksi likajaa mpaka shingoni, likachemka, likafanya povu, mipira yake ya kuzuia oili ikaachia. Walipoona oili chini wakadhani imepungua ndani. Wakaongeza tena, kila mtu kwa wakati wake.

Ikafika siku boksi likalia kilio cha chuma kusaga chuma, wakazima injini. Miwa ya kijiji kizima ilikuwa imeshakatwa, imelala uani, na muwa uliokatwa haungoji, unachacha. Mndolwa akasema basi, tuuze kila kitu, kila mtu ashike njia yake. Abeid alisogea pembeni akafuta macho kwa kofia.

Mama yao ndiye aliyemwita Fundi Shemhilu. Fundi akasubiri boksi lipoe, akafungua oili itoke. Ikatoka mpaka ndoo ikajaa, akaomba ndoo nyingine. Akafungua kifuniko, akapitisha kidole kwenye meno ya gia. Yalikuwa yameliwa ukingo mmoja tu. Ukingo wa pili uling'aa kama wa dukani. Akavuta uzi kutoka injini hadi kinu. Uzi ukapita kando ya boksi. Akawatazama wale ndugu, akasema:

“Boksi halina ugonjwa. Kila mmoja wenu amekaa sawa peke yake, na hili la katikati ndilo linalopindika.”

Wakalegeza nati. Mndolwa akashika mtaimbo kuisukuma injini, Abeid akalala kifudifudi kuutazama uzi.

“Leta kwangu kidogo, kaka.”

“Kwako ndiyo wapi, bwana mdogo, kwa kichwa au kwa miguu?”

Wakacheka wote, mara ya kwanza tangu matanga. Wakapachika vibati vyembamba chini ya miguu ya injini mpaka uzi ukakubali. Fundi akaigeuza gia ili ukingo mzima ndio ufanye kazi, akaweka mipira mipya, akatia oili mpaka kwenye alama, wala hakuizidisha. Jioni, miwa ikiendelea kuingia kinuni, mama yao aliweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa na joto la mgongo wa mtoto aliyelala.

Injini ni mwenye haraka, kinu ni mwenye uzito, na boksi ni yule anayewabeba wote wawili. Nyumbani kwenu ni nani huyo, na ni lini mlikaa pamoja mkamwuliza anaumia wapi, badala ya kila mmoja kummiminia kivyake?

Mndolwa aliwaachia wanawe injini. Abeid aliwaachia wanawe kinu. Boksi waliwarithisha watoto wote kwa pamoja, kwa sharti moja: lisitiwe oili mpaka wawepo wa pande zote mbili.