Mwizi wa Beseni la Mlekwa

Hapo zamani, enzi ambazo mbwa wa kijiji cha Itundulu walikuwa wamenona mpaka wakibweka mara moja wanajilaza kupumzika, kulikuwa na mtu anaitwa Shilinde. Mtu huyo alikuwa na nguvu, tusidanganyane. Aliwahi kumkuta punda amechoka njiani, akambeba punda, na mzigo wa punda, na mwenye punda amekaa juu anaimba.

Ila Shilinde hakuwa na mke. Na Itundulu, mwanaume asiye na mke ni mtoto, hata kama mvi zimemshuka mpaka kifuani.

Sasa hapo Itundulu walikuwa na beseni. Beseni la shaba, alilolirithi Mlekwa, mkuu wa kijiji, kutoka kwa babu yake. Kubwa, ndama anaogelea humo na hagusi ukingo. Kila karamu linajazwa maji, linawekwa mbele ya Mlekwa kwenye kigoda cha kwanza. Mlekwa ananawa. Linasogezwa kwa wazee, wananawa. Linasogezwa kwa wenye wake, wananawa. Akina mama, vijana, watoto, wote humo humo, maji yale yale. Kubadilisha maji ilikuwa mwiko, maana ukimwaga maji aliyonawa mzee, umemwambia mzee mchafu.

Halafu, baada ya watoto, Shilinde.

Maji yakimfikia yalikuwa mazito, kijiko kinasimama. Kuna siku alikuta humo kitunguu kizima. Siku nyingine akakuta pete ya mtu na nusu ya samaki. Anaingiza mikono misafi, anaitoa inanuka shombo.

"Babu Shilinde, leo yana chumvi," Mbuke alikuwa akimwambia. Huyo Mbuke ni mjukuu wa Mlekwa, kasichana kadogo, na ndiye aliyekuwa ananawa wa mwisho katika watoto, mbele ya Shilinde.

"Wewe umeyaonja?"

"Kidogo."

Wanacheka wawili huko mkiani, na Shilinde anakitazama kigoda cha kwanza kwa mbali kama mtu anayetazama mwezi.

Mwaka huo, baada ya karamu ya mavuno, likaja tumbo la kuendesha. Vichaka vikajaa watu kuliko gulio. Mtu anakwenda nyuma ya kichaka, anamkuta mama mkwe wake hapo hapo, na adabu inadai achuchumae amwamkie. Basi anaamkia tu, kuchuchumaa ameshachuchumaa. Waliulaumu upepo, wakaulaumu mtama mpya, wakamlaumu jogoo wa kijiji cha jirani. Na kila wakipata nafuu wanafanya karamu ya kushukuru, beseni linazunguka, kesho yake vichaka vinajaa upya.

Kisha tumbo hilo likamchukua Mbuke.

Hapo kicheko kikakatika. Mlekwa akasimama kwenye msiba, akasema, "Atakayelifunga tumbo hili, nitamchinjia dume langu. Nundu atakula yeye. Na kigoda cha kwanza atakaa yeye."

Shilinde akasikia neno kigoda. Lakini chakula cha msiba kilipoletwa, beseni likazunguka, likafika kwake, na mbele yake hakukuwa na mtu wa kumwambia yana chumvi. Akayatazama yale maji. Siku hiyo hakunawa, na hakula.

Hapo akasimama Nyamizi, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Huyo mwanamke akiongea mto wa tatu kule wanasikia. Alikuwa amegombana na mke wa Mlekwa tangu masika, kwa hiyo karamu zote hakukanyaga, alikula kwake.

"Baba zangu," akasema, "mimi kwangu hakuna aliyeumwa. Mnajua kwa nini? Mimi nanawa kwa maji ya kumimina, na majivu. Maji yakishapita mkononi yanakwenda zake. Ninyi mtu anatoka kichakani anatia mkono humo, wa pili anatia, wa tatu anatia, halafu mnashika ugali. Mnakulana, baba zangu. Beseni ndilo linalotuua."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akadondosha jino.

"Yaani Mlekwa amwagiliwe maji kama mche wa tumbaku?"

"Hasira zako na mke wa Mlekwa zisituharibie beseni la babu."

Nyamizi akaenda zake. Akachukua kibuyu, akakitoboa tundu ubavuni, akalizibia kijiti, akakining'iniza mtini penye uwanja wa karamu, na chini yake chungu cha majivu. Hakuna aliyekigusa. Buibui akahamia.

Sasa Shilinde. Aliondoka mchana kweupe, jua la utosi, akaenda mpaka uani kwa Mlekwa, akalibeba beseni. Nani amwone? Kijiji kizima kiko kichakani. Akajifunika nalo kichwani, akatembea kama kobe katikati ya njia. Mzee mmoja akachungulia kwenye majani, akaona beseni linatembea lenyewe, akasema, "Hili tumbo sasa limenipanda kichwani," akarudi kuchuchumaa.

Shilinde akalifudikiza nyuma ya kibanda chake, akamfungia humo kuku wake anayeatamia, akaacha upenyo wa hewa.

Karamu iliyofuata ilikuwa ya arusi. Nyama imeiva, harufu yake ilimrudisha njiani mtu aliyekuwa amehama. Wakatafuta beseni, hakuna. Wakatafuta mpaka kwenye masufuria, hakuna.

"Kibuyu changu kile pale," akasema Nyamizi.

"Mimi sinawi kwenye kibuyu cha mjane," akasema mzee wa kwanza. "Tule hivi hivi." Na wenzake wakaanza kusogelea sinia.

Hapo akaruka Kasubi. Kasubi ni mpiga ngoma, muongo wa kuzaliwa. Angekwambia leo ni jana, ungekwenda kulala upya.

"Simameni," akasema. "Kibuyu hicho kimetiwa dawa na mganga wa mbali. Aliyelala pasipo pake, akigusa nyama kabla ya kunawa hapo kwa majivu, mkono utamtetemeka mbele ya watu wote. Na akitoka kichakani lazima arudie, la sivyo dawa inamgeukia."

Wanaume wakatazamana. Kisha wakakimbilia kibuyu wakapigana vikumbo. Walinawa mpaka kwenye kiwiko, wengine mpaka kwapani. Kuna mmoja alirudi mara ya pili, mke wake akamwangalia. Akarudi mara ya tatu, mke akaenda kufunga mizigo. Majivu ya meko yote yakaisha, ikabidi wachome kuni nyingine.

Wakati wote wamepanga foleni, Kasubi yuko kwenye sinia anachagua minofu. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yake. Hata kunawa hakunawa.

Basi wakazoea kibuyu. Wakitoka kichakani, kibuyu. Wakitaka kula, kibuyu. Na tumbo likakata, kabisa, Itundulu nzima. Aliyebaki anaendesha ni mmoja tu, Kasubi, na aliendesha kwa niaba ya wote.

Mlekwa akachinja dume. Nundu ikachomwa, kubwa kama kilima. Kigoda cha kwanza kikawekwa kitupu.

Nyamizi akasema, "Nani mwingine? Mimi niliujua ugonjwa. Kibuyu changu, majivu yangu, na mkanicheka."

Kasubi akasema, "Dada Nyamizi, ulisema, wakacheka. Mimi nilisema, wakakimbia. Kibuyu chako kilikuwa nyumba ya buibui."

"Ulidanganya ule nyama."

"Nilidanganya, na tumbo langu limenilipisha. Lakini watoto wao wazima."

Shilinde alikuwa amekaa mwisho, nyuma ya watoto. Alikitazama kigoda. Akajua akifungua mdomo anaweza kufukuzwa kijijini, maana kumwibia Mlekwa beseni la babu yake hakuna msamaha. Akajua pia akinyamaza atakufa akiwa mtoto. Akasimama.

"Beseni nililiiba mimi. Liko kwangu, kuku ameangulia humo. Nyamizi alisema, Kasubi alidanganya, sawa. Ila beseni lingekuwepo siku ile, mngenawa humo wote, na dada Nyamizi angeongea mpaka akauke mate."

Watu wakaguna. Mlekwa akamgeukia.

"Shilinde. Uliiba kwa ajili ya tumbo letu, au kwa sababu ulikuwa wa mwisho?"

"Kwa sababu nilikuwa wa mwisho."

"Ungekuwa wa kwanza kunawa, ungeliiba?"

Shilinde akafikiri. "Ningelisugua kwa mchanga ling'ae," akasema. "Ila siku ya msiba, baba, mbele yangu palikuwa wazi. Pale ndipo alipokuwa anasimama Mbuke. Hapo sijui niliiba kwa sababu gani."

Mlekwa akainuka, akaenda kwenye kibuyu, akapanga foleni nyuma ya watoto kama mtu yeyote, akanawa kwa majivu, akakiosha na kisu. Akarudi penye nundu.

Kasubi amenyoosha mkono, na leo ameunawa mara mbili. Nyamizi amenyoosha wake. Shilinde amenyoosha wake.

Mmoja alisema, hakusikilizwa. Mmoja aliiba, hakuwa anawaza kuponya mtu. Mmoja alidanganya apate minofu. Ukimtoa mmoja wao, Itundulu ingekuwa bado kichakani.

Haya, ninyi mliokaa hapa mnalamba vidole, nundu inapoa na Mlekwa ameshika kisu. Je, amkatie nani, na kigoda akae nani?